Ukipima ziwa kwa boti, rudi ulikoanzia

"Mwanangu, upande ule ndio unaonuka. Mbona ramani yako inausifu?"

Nahodha wetu aliniuliza hivyo akiwa ameinamia karatasi niliyoitandaza kwenye ubao wa boti, pale mwaloni Ggaba, Kampala, kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Ni mzee wa Ukerewe, ameishi ziwani tangu utoto, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha ndani ya boti ile: yeye, mimi niliyekulia Bukoba, na kijana msaidizi wangu, Mganda aliyejifunza lugha hii kwa mabaharia wa Port Bell. Ramani ilikuwa ya kwanza kuichora mwenyewe, kutokana na namba za vihisi (vifaa vya kupimia maji) tulivyofunga kwenye boti, na nilikuwa naionea fahari. Buluu ilikuwa oksijeni nyingi, nyekundu oksijeni kidogo. Kwa mujibu wake, maji ya upande wa Port Bell na Luzira, ambako mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wa Kampala baada ya kupita kwenye kinamasi, yalikuwa na hewa nzuri kuliko maji ya Ggaba.

Mzee hakuwa na kipimo chochote ila pua yake, na alikuwa sahihi.

Nikarudi kwenye saa za vipimo. Tuliondoka Ggaba saa 2 asubuhi, tukawa tunakata ghuba kwa zigizaga kuelekea kaskazini, tukafika Port Bell inakaribia saa 6 mchana. Usiku mwani na viumbe wengine wote huivuta oksijeni iliyomo majini. Jua likichomoza, mwani huanza kuitengeneza upya, na kwenye ghuba ya kijani kama Murchison kiwango hupanda saa baada ya saa hadi maji yanabeba oksijeni kupita kipimo chake cha kawaida. Hata pH, kipimo cha asidi ya maji, hupanda, yaani asidi hupungua, kwa sababu mwani unakula kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo buluu yangu ya Port Bell ilikuwa buluu ya saa 6. Nilikuwa nimechora jua linavyopanda, nikadhani nimechora ziwa.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayefunga vihisi kwenye boti ni huu: rudi ulikoanzia. Safari isiishie upande wa pili. Maliza njia yako, kisha rudi moja kwa moja hadi pale ulipochukua kipimo cha kwanza, upime tena mahali pale pale. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni kazi ya saa, mahali hapahusiki. Ukiweza, siku ya pili pita njia ile ile kinyume. Sisi tulipofanya hivyo, tukaanzia Port Bell alfajiri na kumalizia Ggaba mchana, rangi ziligeuka kabisa. Na kama una kihisi cha ziada, kifunge gatini kiendelee kurekodi mahali pamoja tangu mnaondoka hadi mnarudi. Hicho ndicho kitakachokuambia siku ilivyokwenda wakati nyinyi mko majini.

Kuna kipimo kimoja kisichoyumbishwa na jua namna hiyo: upitishaji umeme wa maji. Nalubaale, kama Waganda wanavyoliita Ziwa Viktoria, lina chumvi kidogo sana. Ziwa wazi huwa na mikrosimens (kizio cha upitishaji umeme) 100 hivi kwa sentimita. Maji machafu ya mjini yana chumvi zaidi ya hapo, kwa hiyo ukikaribia yanapoingilia namba inaanza kupanda hata kabla hujaona tofauti kwa macho. Mimi sasa naitazama ramani hiyo kabla ya nyingine zote. Inaonyesha maji ya mji yamefika wapi, na nyingine nazisoma juu yake. Angalizo moja: maji ya kusawazishia kihisi, yaani yenye namba inayojulikana ili kihisi kirekebishwe kisome sawa, yanayouzwa sana ni ya mikrosimens 1,413, mara 14 ya ziwa letu. Tafuta yaliyo karibu na namba za ziwa, la sivyo utakuwa umesawazisha kwa mizani ya magunia kisha unapima dhahabu.

Oksijeni nayo ina jambo lake hapa kwetu. Tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni yana miligramu 8.3 hivi kwa lita ukiwa Mombasa. Huku ziwani ni kama 7.2. Kifaa kilichosawazishwa pwani, kikiwa bado na shinikizo la hewa la huko ndani yake, kitakulilia kwamba ziwa linakufa hata siku lililo salama. Sawazisha pale pale mwaloni, asubuhi ile ile.

Sasa nije kwenye mabomba yanayoleta maji hadi kwenye vihisi, maana hapo ndipo nilipopoteza siku nyingi kuliko mahali pengine popote.

Wazo la mfumo huu si geni. Mwaka 2015 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walichapisha maelezo ya mfumo wao waliouita FLAMe, unaonyonya maji kutoka chini ya boti inayokimbia na kuyapitisha kwenye vihisi vilivyo ndani ya boti. Wetu ni mdogo wake wa mbali: mpira mmoja uliofungwa nyuma ya boti ukiwa nusu mita chini ya maji, pampu ya volti 12 inayokula betri ya gari, chujio la wavu wa kuzuia vipande vya magugu maji, na chombo cha plastiki ambamo vihisi vimesimama. Adui wa kwanza ni mapovu. Povu likipita mbele ya kihisi cha ukungu wa maji, mwanga unatawanyika na kifaa kinaandika tope mahali ambapo hakuna tope. Tulipata "mito ya tope" katikati ya ghuba, na kila mmoja ulikuwa mahali ambapo nahodha alikata kona au alikutana na mawimbi ya boti nyingine. Dawa ilikuwa rahisi. Kabla ya vihisi maji yapitie kwanza kwenye chupa iliyosimama wima, yaingie katikati, mapovu yapande juu na kutokea kwenye kitundu, maji yatokee chini. Chupa iwe ya kuonyesha ndani. Kijana wangu ameketi nayo mapajani safari nzima, na akiona weupe unaanza kucheza ndani yake anapaza sauti, naandika saa.

Adui wa pili ni ucheleweshaji. Maji unayoyapima sasa hivi hukuyachota hapa ulipo. Yameingia kwenye mpira muda uliopita, na boti imeshasogea. Kuujua muda huo hakuhitaji kifaa chochote cha ghali. Ukiwa umetia nanga, chukua jerikeni la maji ya ziwa, tia viganja viwili vya chumvi ya jikoni, koroga. Chomoa mdomo wa mpira ziwani uuzamishe ndani ya jerikeni, na papo hapo anza kuhesabu. Tazama upitishaji umeme. Utakaa pale pale, utakaa, halafu ghafla utaruka. Kwetu ni sekunde 40. Tukienda kilomita 9 kwa saa, yaani mita 2.5 kila sekunde, kila kipimo kilikuwa kimewekwa mita 100 mbele ya mahali pake. Ukikata zigizaga bila kurekebisha hilo, mpaka wa maji machafu utauona umechanika meno kama msumeno, jino moja huku, jino moja kule. Ukiona meno hayo kwenye ramani ya mtu, muulize kuhusu mpira wake. Rudia jaribio la chumvi kila safari, kwa sababu chujio likianza kuziba pampu inapungua nguvu na muda unaongezeka.

Saa nazo mzichunge. Satelaiti zinazotupa mahali huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kompyuta inaandika saa ya Kampala. Nahodha na daftari letu wanasema saa 2 asubuhi. Kwa hiyo dakika ile ile moja ina majina matatu: 5:00, 8:00 na saa 2. Tumekubaliana daftari liandikwe kwa saa zetu za kawaida, kwani mtu akichoka na jua huandika alichozoea, na kugeuza tutageuza jioni. Lakini kabla ya kung'oa nanga tunavipanga vifaa vyote pamoja na kupiga picha nyuso zao. Safari moja kifaa kilikuwa nyuma kwa dakika nne. Kwa mwendo wetu hizo ni mita 600, na katika ghuba ile mita 600 zinatosha kulihamisha doa la Nakivubo hadi mahali pasipo lake.

Mwani wenyewe unahitaji subira. Vihisi vinauangalia kwa mng'ao: vinamulika, mwani unarudisha mwanga wa rangi nyingine. Klorofili, rangi ya kijani ya mimea, inakueleza mwani wote. Faikosayanini, rangi ya buluu, inakuelekeza kwa sayanobakteria, wale wanaotanda kama rangi ya kijani iliyomwagika na ambao wengine kati yao, kama Microcystis, wanaweza kutoa sumu. Jua kali la mchana huufifisha mng'ao huo karibu na uso wa maji, hivyo mwani ule ule utaonekana mchache saa 7 kuliko saa 1 asubuhi. Zaidi ya hapo, upepo ukitulia sayanobakteria wengi huelea hadi juu kabisa, na mdomo wa mpira wetu ulio nusu mita chini unapita chini yao bila kuwagusa. Chukua chupa. Kila safari tunasimama mahali kumi, tunachota maji ya juu na ya kina, tunashusha sahani nyeupe ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji, hadi ipotee machoni, na chupa zinakwenda maabara siku hiyo hiyo zikiwa kwenye barafu. Bila chupa, namba ya klorofili ni mwanga tu.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa kifupi. Boti yenye mabomba, nyaya na watu wanaozunguka bila kutega nyavu lazima itatiliwa shaka. Tulisimamishwa na doria mara moja tukiwa tumeacha barua nyumbani, na kosa lilikuwa letu. Kiswahili kilitusaidia kujieleza, lakini barua ingetusaidia mapema. Beba kibali cha utafiti, barua ya mwaloni, na makoti ya kuokolea kwa kila mtu, yavaliwe, yasikaliwe. Nahodha akisema tugeuze, tunageuza, hata ikibaki mistari miwili ya njia yetu. Novemba 2018 watu zaidi ya 30 walizama upande wa Mukono wakiwa kwenye boti ya starehe, karibu tu na nchi kavu. Sitaki kubishana na mtu anayelisoma wingu.

Ukifika kwenye kompyuta, kishawishi kikubwa ni kujaza rangi ghuba nzima. Programu itakubali, haina aibu. Mimi huacha nyeupe mahali popote palipo mbali na njia ya boti kuliko umbali ambao vipimo viwili vinaanza kutofautiana, na umbali huo naupata kwenye data yenyewe. Watu wanaoletewa ramani hiyo wanafanya nayo maamuzi. Maji ya Ggaba yananywewa na watu wengi wa Kampala.

Mzee alipoiona ramani ya pili, ile ya kwenda na kurudi, aliifuata njia kwa kidole hadi Port Bell, akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole kikahamia ukingoni, kwenye utepe mweupe kati ya njia yetu na nchi kavu.

"Na hapa?"

Nikamwambia boti haifiki, injini itakwama kwenye matope na magugu.

"Hapa ndipo wanapochota maji kina mama," akasema. "Na watoto wanaoga hapa."

Tangu siku hiyo kila safari ya boti ina safari ya miguu inayoifuata. Kijana wangu anavaa mabuti marefu ya mpira kwa ajili ya kichocho, anashika kihisi cha mkononi na ndoo, tunafuata ukingo kutoka mwaloni, na tunapima kila mahali tunapokuta jerikeni limewekwa chini.