Hadi sehemu ya 100

Swali lenu la wiki: "Umebadilisha kazi mara ngapi, na kila mara ulianza upya?" Mimi nimebadilisha mara mbili. Mamangu, aliyetulea kwa viazi karai vya Mwembe Tayari, mpaka leo huwaambia majirani kwamba mwanawe hajatulia. Huenda ni kweli. Lakini kuanza upya, la.

Nilianzia maabara ya zahanati moja ya binafsi upande wa Kisauni: chumba kimoja, hadubini moja, na slaidi za malaria tangu asubuhi. Unapaka tone nene la damu, linakauka, unalitia rangi ya Giemsa, kisha unadondosha mafuta na kushusha lenzi ya kukuza mara 100. Kumwona mdudu wa malaria si kazi: kijipete cha samawati chenye nukta nyekundu. Kazi ni kusema hayupo. Chuoni tulifunzwa usiandike "hakuna" mpaka upitie sehemu 100 za tone lile, moja baada ya moja. Siku moja foleni ilikuwa imefika barazani. Nilipitia kama 30 nikaandika "hakuna". Baada ya siku mbili mtoto akarudishwa na degedege.

Alipona, alhamdulillahi. Wala hakuna aliyenigombeza, maana hakuna aliyejua. Slaidi yake ilikuwa bado kwenye kisanduku. Nikairudia peke yangu jioni, nikahesabu. Mdudu wa kwanza alikuwa sehemu ya 41.

Mwaka 2009 nikahamia Kilifi, kwenye jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililofanywa katika nchi 7 za Afrika. Nilidhani nitakaa na hadubini. Nikapewa fomu za idhini na kutumwa vijijini. Huko, ukitaja damu watu hukumbuka mumiani. Nikajifunza kubeba kijiko cha chai mkobani: mililita 5 ndiyo hii, mama, haizidi. Lakini penye ugumu hasa palikuwa pengine. Katika kundi la watoto wa miezi 5 hadi 17, wengine walipata chanjo ya malaria, wengine ya kichaa cha mbwa ili tulinganishe, na sisi tuliozunguka na fomu hatukujua nani kapata ipi.

"Na wewe daktari hujui?" bibi mmoja aliniuliza. (Ukivaa koti jeupe, wewe ni daktari, nilishachoka kukanusha.)

"Sijui, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akamgeukia mkaza mwanawe akamwambia, "Huyu mwache aandike." Mkwewe akatia dole gumba.

Mshahara wa utafiti ulikuwa mzuri, ila mkataba hufa na mradi, na mwenye nyumba hajui mradi ni nini. Nikarudi Mombasa kufundisha. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ile kwa watoto, nilikuwa darasani nasahihisha. Kinga yake si ya kujivunia sana: kwa watoto wa umri ule, dozi 4 zilipunguza malaria kwa karibu asilimia 36 katika miaka 4 hivi. Nilimkumbuka yule bibi.

Wanafunzi huniuliza hadubini ya nini, na kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika 20. Nawaambia kipimo kile hunasa protini ya mdudu, nayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hawashawishiki. Basi jaribio lao la kwanza huwapa slaidi safi, isiyo na mdudu hata mmoja. Karibu wote huandika "falciparum", jina la mdudu wa malaria kali, kwa kuamini mwalimu hawezi kuwatesa bure.

Mwezi uliopita kijana mmoja alibaki maabara wenzake wamekwishaondoka, mfagiaji anamzunguka miguuni.

"Mwalimu, sijaona kitu."

"Umefika sehemu ya ngapi?"

"Mia."

"Umehesabu?"

Akanionyesha karatasi yenye vijistari, tano tano.

"Haya, andika."