Wewe Mkata Umeme, Usihesabu Makofi

Nilicheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, kwenye ndondo (mechi za mitaani) za Dar es Salaam kwa miaka mingi, sasa nafundisha vijana, na kilio cha viungo wakabaji ni kilekile: "Kocha, mbona mimi hakuna anayenijua?" Winga akipiga chenga moja, mashabiki wanaingia uwanjani kumtuza noti. Wewe umekata umeme jioni nzima, yaani umezima mashambulizi ya wapinzani, unaondoka na vumbi lako.

Huwa nawapa kisa cha kiungo mkabaji Claude Makélélé. Mzaliwa wa Kinshasa, amekulia Ufaransa, akatua Real Madrid mwaka 2000. Pale alikuwa na Zidane, Figo, Raúl, baadaye Ronaldo. Jezi zilizogombewa madukani zilikuwa zao, na mshahara wake haukufua dafu mbele ya mishahara yao. Mwaka 2003 akaomba aongezwe, akakataliwa. Kiangazi hichohicho akaletwa David Beckham, yeye akauzwa Chelsea. Msimu uliofuata Madrid, na mastaa wote wale, wakapoteza mechi tano za mwisho za ligi na kumaliza wa nne. Ubingwa wa Hispania hawakuuona tena hadi 2007. Chelsea nao, msimu wa 2004/05, walifungwa mabao 15 tu katika mechi 38, wakabeba ubingwa walioungoja miaka 50. Sifa nyingi zilikwenda kwa Lampard na Terry (sio kwamba hawakustahili), lakini Waingereza mpaka leo nafasi ile wanaiita kwa jina la Makélélé.

Kwa hiyo ukitaka kujua thamani yako, achana na jukwaa. Muulize kipa na mabeki wako wa kati. Nina kijana mmoja, mwembamba, hana mbwembwe. Beki wa pembeni akipanda tu, yeye anageuza shingo, anasogea hatua mbili kuziba lile pengo. Mpira ukipotea, tayari yupo. Siku akikosekana kwa kadi, mabeki wangu wanaanza kufokeana kabla mechi haijachangamka.

Usijifanye winga. Namba sita anayepiga kanzu (kumpitishia mpinzani mpira juu ya kichwa) mbele ya boksi lake ili watu washangilie, mimi namtoa, hata kama imepita.

Ukitengeneza video ya kupeleka klabu, usijaze matobo (mipira ya kupitisha katikati ya miguu ya mpinzani) na mashuti. Acha kila kipande kianze sekunde kadhaa kabla hujagusa mpira, skauti aone ulivyousoma mchezo. Wengi wanakata hapo, na hapo ndipo kazi yako yote ilipo.

Kwenye mkataba ndiko viungo wakabaji wanakopunjwa zaidi, kwa sababu wanakwenda mikono mitupu. Weka daftari: timu imefungwa mangapi ukiwepo, mangapi ukiwa nje. Yule kijana wangu analo, na dirisha la usajili likifunguliwa ndilo tutakaloliweka mezani. Wafuasi wa Instagram tumemwachia winga.