Majina ya Rejista: Maswali ya Wasomaji

Kwa nini rejista (nafasi ndogo za kushikia data ndani ya prosesa) za x86, yaani familia ya prosesa iliyoanza na 8086, zinaitwa AX, BX, CX na DX badala ya kupewa namba tu?

Kwa sababu kila moja ilizaliwa na kazi yake. Katika prosesa ya 8086, ambayo Intel waliitoa mwaka 1978, AX ilikusanya matokeo ya hesabu, BX ilishika anwani ya msingi katika kumbukumbu, CX ilihesabu mizunguko, na DX ilibeba data, ikiwemo nusu ya juu ya jawabu la kuzidisha lililoshindwa kuenea ndani ya AX. Kazi hizo hazijafutika: amri ya `loop` hadi leo hupunguza CX, au ndugu zake ECX na RCX, wala haikubali rejista nyingine. Hata hivyo namba zipo ndani ya amri za mashine, nazo hazifuati alfabeti: AX ni 0, CX ni 1, DX ni 2, na BX ni 3.

Je, RAX, EAX, AX na AL ni rejista nne?

Ni rejista moja inayotajwa kwa upana tofauti. AL ni biti 8 za chini kabisa, AX ni 16, EAX ni 32 zilizokuja na 80386 mwaka 1985, na RAX ni 64 zilizoletwa na kampuni ya AMD, ambao prosesa yao ya Opteron iliingia sokoni mwaka 2003.

Hapa namsihi anayeanza asipite haraka, maana kosa lake huchukua siku nzima kulitafuta. Tuseme tarakimu zote 16 za RAX, kwa heksadesimali, ni F. Ukiandika `mov al, 5`, yaani weka 5 ndani ya AL, utapata FFFFFFFFFFFFFF05, kwa kuwa biti nyingine haziguswi, na `mov ax, 5` itakupa FFFFFFFFFFFF0005. Lakini `mov eax, 5` itakupa 5 tupu, kwa sababu kuandika katika biti 32 za chini husafisha zote 32 za juu.

Na sehemu za R8, mojawapo ya rejista za biti 64 zenye majina ya namba, zinaitwaje?

R8D kwa biti 32, R8W kwa 16, na R8B kwa 8. Utaratibu ni huo huo hadi R15.

Mbona programu nyingine zinaandika `%eax`?

Huo ni mtindo wa AT&T, ambao asembla ya GNU (programu inayogeuza maandishi haya kuwa amri za mashine) huutumia usipoiagiza vingine. Alama ya asilimia huizuia asembla kuichanganya rejista na kigeu chenye jina kama hilo. Angalia pia mpangilio: `movl %ebx, %eax` hupeleka thamani ya EBX kwenda EAX, ilhali kwa mtindo wa Intel ungeandika `mov eax, ebx`.

Katika RISC-V, ambayo ni familia nyingine ya prosesa, nitumie x10 au a0?

Hayo ni majina mawili ya rejista moja, na prosesa haioni tofauti, lakini mimi ningeandika a0. Herufi a humwambia msomaji kuwa hapo ndipo hoja ya kwanza ya funksheni hupokelewa, t kwamba thamani ni ya muda tu, na s kwamba funksheni iliyoitwa inapaswa kuirudisha rejista hiyo kama ilivyoikuta.