'Will have been working': anza na kalenda kwanza

Watu wengi wanaokuja kwangu jioni hapa Nakuru kunoa Kingereza wanajiandaa kwa intavyu ama IELTS, ule mtihani wa Kingereza, wengi ni manesi wanaolenga Uingereza, na karibu wote wanajua fomula ya hii tensi kwa kichwa, "will have been" alafu kitenzi chenye "-ing" mwishoni. Sasa mwambie aitumie kwa sentensi yake mwenyewe uone vile kalamu inagoma. Si ati hana akili, ni vile alikremu fomula na hakuna mtu alimwambia hiyo tensi inajibu swali gani.

Na swali lenyewe ni moja tu. Kufikia siku fulani huko mbele, hii shughuli itakuwa imeendelea kwa muda gani? Basi. Kama hakuna siku ya mbele na hakuna muda wa kuhesabu, hiyo tensi achana nayo, haina kazi hapo.

Kuna nesi mmoja alikuja na barua ya kuomba kazi, barua anaiandika Machi na kazi inaanza Septemba, na ndani ameandika "I am working in a maternity ward for seven years." Nikamwambia dada, wacha kwanza hiyo barua, fungua daftari uchore mstari mmoja mrefu, uweke alama tatu: mwezi ulioanza kazi, leo, na Septemba. Akachora. Nikamuuliza, huyo mwajiri anataka kujua uzoefu wako wa leo ama wa siku utaripoti? "Wa siku nitaripoti, ticha." Haya, sasa hesabu kutoka alama ya kwanza mpaka ya mwisho. Akahesabu na vidole, miaka nane, alafu akaandika mwenyewe: "By September, I will have been working in a maternity ward for eight years." Hata sikusema neno, nilikuwa nakunywa chai.

Angalia hiyo sentensi vizuri. "By" imeshika siku ya mbele, "for" imeshika muda, na hizo mbili zikishakaa sehemu zake kitenzi hakikusumbui tena. Usiweke "until" mahali pa "by", maana inabadilika kabisa. Na ukitumia "by the time", kitenzi kinachofuata hakibebi "will", unasema "by the time we reach Kericho", si "by the time we will reach". Hilo kosa ni sugu sana, nalisikia mpaka kwa watu wenye digrii zao, na mtahini akilisikia anajua tu ulikremu.

Tuseme umepanda mat hapa Nakuru unaenda Kisumu na dereva hana haraka, kila steji anasimama. Mtu wa nyumbani anapiga simu, unamwambia "By the time we reach Kericho, we'll have been travelling for over two hours." Safari haijaisha hapo, bado kuna kuteremka mpaka Ahero, alafu ndio uone Kisumu. Tensi hii haijali kama kitu kimeisha, inajali kimekula muda gani. Maharagwe pia hivyo hivyo: "By one o'clock the beans will have been boiling for three hours," na saa saba ikifika yanaweza kuwa bado hayajaiva, sentensi yako haina kosa. Lakini ukitaka kusema kitu kitakuwa kimeisha, ama unahesabu vitu badala ya muda, tumia ile fupi: "By Friday I will have marked forty scripts." Ukisema "will have been marking forty scripts" umechanganya mambo mawili, muda na idadi.

Wengine wanadhani lazima shughuli iwe ilishaanza ndio utumie hii tensi. Hapana. Sai ni Novemba, darasa unaanza Januari, unaeza sema bila wasiwasi "By June I will have been studying for five months," yote iko mbele na iko sawa.

Sasa mahali watu wanaanguka sana ni kwa vile vitenzi havitaki "-ing": know, own, belong, believe, na "be" yenyewe. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kwa hivyo "By December 2031, Nakuru will have been a city for ten years," hakuna "being" hapo hata kama unahisi sentensi imebaki uchi. Rafiki yako mliyejuana chuo, "By next year I will have known her for ten years," si "will have been knowing". Lakini "live" haina shida, inakubali: "By December I will have been living in London for four years," na sisi wa Nakuru tuko na mtaa wetu huku unaitwa London, kwa hivyo kama ni huo unamaanisha, kwa intavyu malizia na "Nakuru", wasije wakafikiri ulishafika kwao.

Kuna pia ile ya barabara. "By August the road will have been being built for two years." Kigrama hakuna kosa, lakini hakuna mtu anaongea hivyo, sema "will have been under construction" na maisha yaendelee. Na ukikuta kitabu cha zamani kimeandika "I shall have been", ni kitu kile kile, tumia "will".

Kwa kusikiliza ndio kazi iko, juu hawa wenye Kingereza chao hawatamki "I will have been" kama maneno manne, wanatamka kitu kama "ailavbin" kwa pumzi moja, na ukingoja usikie "have" peke yake sentensi imeshapita. Jizoeze kuisema hivyo hivyo wewe mwenyewe kwa sauti, ukiwa jikoni ama njiani, mdomo ukizoea masikio yanafuata.

Usiilazimishe lakini. Barua moja, mara moja inatosha, na kwa IELTS ya kuongea kama swali halihusu muda wa mbele wachana nayo, mtahini haongezi maksi kwa sababu umeingiza tensi ndefu mahali haikuitwa.

Alafu ukiona barua pepe ya ofisi inaanza "You will have been wondering why we have not replied," usianze kutafuta siku ya mbele. Hapo "will" ni ya kukisia tu, anamaanisha bila shaka umekuwa ukijiuliza mbona kimya, mpaka leo. Haina "by" wala "for", na kawaida kinachofuata ni kuomba msamaha ama kukunyima kazi.