Nyumba Imeungua, Bima Imelipa Nusu

Swali: Mwanangu wakili, mimi ni mjane, nina nyumba ya vyumba sita hapa Majengo, Mombasa. Ardhi si yangu, nyumba ndiyo yangu. Mwenye ardhi namlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Ramadhani iliyopita mpangaji wangu alikuwa akikaanga viazi karai ukumbini, vya kuuza jioni, mafuta yakashika moto. Watu walitoka salama, lakini vyumba viwili na nusu ya paa viliteketea. Fundi anasema matengenezo ni shilingi 600,000. Kampuni ya bima inataka kunipa 300,000, tena wananiambia nishukuru. Miaka minane nimelipa bila kukosa! Na wapangaji nao wananidai televisheni na magodoro yao. Nakutumia picha ya karatasi za bima. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo mama, na pole sana. Nyumba unayoieleza ni kama ile niliyozaliwa mimi: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma. Moto ukianza ukumbini, walio vyumbani hawana njia nyingine. Alhamdulillahi mlitoka.

Nimezisoma karatasi zako hadi maandishi madogo ya nyuma. Nyumba imekatiwa bima ya shilingi 1,200,000, thamani uliyoandika mwaka ule wa kwanza, na hakuna aliyeigusa tena. Nawe umeniandikia nyuma ya picha kwamba fundi huyo huyo anasema kuijenga yote upya leo ni 2,400,000. Hapo ndipo pesa zako zilipopotelea. Bima za majengo huwa na kipengele kinachosema hivi: ukiikatia nyumba nusu ya thamani yake, basi kila hasara, hata ndogo, utalipwa nusu. Nusu ya 600,000 ni 300,000. Inauma, lakini hesabu yenyewe wameipata kwenye mkataba uliotia sahihi. Ninachowalaumu ni wakala aliyekuja miaka minane mfululizo kuchukua ada na hata mara moja asikuulize kama bei ya saruji na mabati imebaki pale pale.

Kabla hujapokea hata shilingi, fanya hivi. Waombe barua yenye hesabu yao, pamoja na nakala ya ripoti ya mtu waliyemtuma kukagua hasara. Huenda amehesabu paa pungufu, au amesahau nyaya za umeme. Usitie sahihi karatasi inayosema umekubali malipo kuwa ya mwisho mpaka uione hesabu hiyo na fundi wako aipitie. Wakikunyima, andika malalamiko kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima Kenya. Wao hupokea malalamiko ya mwananchi wa kawaida, huhitaji wakili.

Vitu vya wapangaji ni jambo jingine. Bima yako ni ya jengo. Haigusi godoro la mtu wala televisheni yake. Moto huu uliwashwa na mpangaji, si na nyumba yako. Ingekuwa ni waya mbovu wa ukumbini, uliowahi kuambiwa ukaupuuza, ningekujibu vingine, kwa sababu ukumbi, choo cha pamoja na ua viko mikononi mwako, na anayeumia hapo anaweza kukushtaki. Kuna bima ya kulinda mwenye nyumba dhidi ya madai ya namna hiyo, na kuna ya kufidia kodi unayoikosa wakati vyumba vinajengwa upya. Uliza zote mbili mwaka huu. Na kama umemwajiri mlinzi au mtu wa kufagia, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2007 inakutaka umkatie bima yake.

Unapojaza fomu mpya, andika gharama ya kujenga upya kwa bei ya leo, na uihesabu tena kila mwaka. Andika kwamba nyumba imepangishwa chumba kwa chumba, na kwamba kuna anayepika vya kuuza. Ada itapanda kidogo, najua. Lakini ukikaa kimya, kampuni inaweza kusema uliificha hatari, na safari hiyo hutapewa hata nusu. Risiti za kodi ya kiwanja zitunze pamoja na karatasi za bima. Ndizo ushahidi kwamba nyumba ni yako ingawa ardhi ni ya mwingine. Kisha usome mapatano yenu na mwenye ardhi kabla fundi hajaleta tofali la kwanza.

Huyo mama wa viazi nakuomba usimfukuze. Mpe pembe ya ua, mbali na mlango, na awe na mfuniko mzito karibu na karai. Mafuta yakishika moto yafunikwe na gesi izimwe. Maji hayamwagwi kamwe, yatayarusha mafuta yanayowaka hadi juu ya boriti.

Swali: Dada wakili, nina vyumba vinane Kisauni, 4,500 kila kimoja. Mpangaji mmoja ana deni la miezi mitatu. Mpwa wangu asema tung'oe mlango. Mahakamani naogopa kwenda kwa sababu KRA, watoza ushuru wa serikali, sijawahi kuwalipa. Hatuna mkataba wa maandishi.

Jibu: Kaka yangu, mlango uache ulipo. Niliwahi kumtetea mwenye nyumba aliyeezua mabati ya mpangaji kwa deni la 9,000. Mvua ikanyesha usiku ule. Alichoamriwa kulipa kilipita deni hilo mara nyingi, na sikuwa na neno la kumwambia hakimu.

Hata bila maandishi, mpangaji anayelipa kwa mwezi analindwa na Sheria ya Ardhi ya 2012: mpe notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kamili, iishe siku ya kulipa kodi. Deni la 13,500 lidai kwa barua. Asipolipa, sheria inakuruhusu kukamata mali yake kwa ajili ya kodi, lakini kwa mkono wa dalali wa mnada mwenye leseni. Wewe na mpwa wako hamna ruhusa hiyo. Akikataa kutoka, ni mahakama ya hakimu.

Mama yangu hakusoma, lakini alikuwa na daftari la shule lenye jedwali la hesabu nyuma. Kila mpangaji alipolipa, alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa bluu, kando ya tarehe. Siku mmoja alipokana deni, mzee wa mtaa alilifungua daftari na maneno yakaisha. Leo wewe una M-Pesa. Mwambie kila mmoja alipe huko, na taarifa zake uzichapishe.

Ama KRA, vyumba vyako vikijaa vinaingiza 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka. Ushuru wa kodi za makazi unaanzia mapato ya 288,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, zamani ilikuwa 10. Kwako ni 2,700 kwa mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za ukarabati hazitolewi kwenye mapato hayo. Nenda ukajisajili mwenyewe kabla hawajakuita, na ulizia malimbikizo yanavyoweza kulipwa kidogo kidogo.

Swali: Nina fremu moja ya duka Likoni. Nataka binti yangu ashone nguo humo. Nimempa mpangaji wiki mbili. Ni sawa?

Jibu: La, si sawa. Duka lina sheria yake, Sura ya 301 ya sheria za Kenya, na inamlinda mpangaji hata kama mlipatana kwa mdomo. Notisi ni miezi miwili au zaidi, kwenye Fomu A, na sababu iandikwe. Sababu yako inakubalika ikiwa utaitumia fremu hiyo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kwa hiyo hakikisha biashara ya cherehani ni yako pamoja na binti. Mpangaji akipinga, ataipeleka kwenye baraza linaloamua migogoro ya wapangaji wa majengo ya biashara, na hapo utangoja uamuzi. Ifute ile ya wiki mbili kwa barua, uanze upya, na siku ya kumpa fomu mwombe atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako.