Kabla Hujalaumu Mbegu, Ng'oa Shina Moja la Mahindi

Misimu mitatu mfululizo nilikuwa nabadilisha mbegu tu. Nilianza na Longe 5 ya akiba, nikahamia chotara, halafu nikavuka mpaka kutafuta mbegu upande wa Kenya, maana sisi wa Busia ya Uganda tukikosa kitu huamini kiko ng'ambo. Mahindi yakabaki yale yale. Yanaota vizuri, yanafika magotini, kisha yananywea kama yana kiu, hata kama jana yake mvua imenyesha hadi njia zikafungika. Ekari nzima ikanipa magunia mawili na nusu.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja jirani. Alikuwa akitoka kisimani, akasimama kutazama shamba langu. "Mwanangu, hayo hayana kiu. Yananyonywa." Akatua jerikeni, akaniomba jembe, akachimba taratibu kuzunguka shina moja na kulitoa pamoja na udongo wake. Tukaliosha kwa maji yake mwenyewe. Mizizini mlikuwa na vichipukizi vyeupe, laini, vimejishikiza kwenye mizizi ya mahindi kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote. Hicho ndicho kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mimea mingine, ambacho Wajaluo hukiita kayongo.

Kwa hiyo usingoje yale maua yake ya zambarau. Kiduha huchomoza mahindi yakiwa na mwezi mmoja na nusu hivi, na kufikia hapo kimeshakula sehemu kubwa ya mavuno yako. Palizi haiyarudishi. Hata hivyo king'oe kabla hakijatoa mbegu, kwa ajili ya misimu ijayo: mmea mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na zikalala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri mahindi, mtama au wimbi.

Hapo nilifanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Niling'oa kwa bidii, mimi na watoto, tukarundika kila kitu kwenye mpaka wa juu wa shamba, nikaona kazi imekwisha. Mimea mingi ya kiduha ilikuwa imeshakomaa mbegu. Msimu uliofuata kiduha kikaota kwa mstari uliopinda, kutoka pale kwenye rundo hadi bondeni, kikifuata njia ya maji ya mvua. Nilikuwa nimejipandia mwenyewe! Sasa navianika na kuvichoma, wala simpi ng'ombe chenye mbegu, kwa sababu zitarudi shambani na samadi. Tena nimechimba mtaro upande wa juu, kukinga maji yanayotoka shamba la mwenzangu. Ule mtaro niliuchimba kwa sababu ya kiduha, lakini ndio ulioniokolea pia udongo wa juu uliokuwa ukiteremka kila Aprili.

Na udongo ndio kiini cha yote. Kiduha hustawi penye njaa. Mimi nilikuwa napanda mahindi Machi, mahindi tena Agosti, na mabua nachoma. Ukiwa na samadi iliyoiva, itumie. Kama huna ng'ombe, tithonia imejaa kando ya barabara, ile yenye maua ya njano. Kata majani mabichi uyafukie wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Halafu pumzisha mahindi. Panda soya au simsim (ufuta) msimu mmoja: mizizi yake huichokoza mbegu ya kiduha iote, ikikosa pa kunyonya inakufa. Msimu mmoja hautoshi, lakini tofauti utaiona.

Dawa niliyokuja kuiamini zaidi ni vuta-sukuma, mbinu ya watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kenya. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, na pembeni ya shamba unazungushia matete au majani ya brakiaria. Desmodiamu huiotesha mbegu ya kiduha na papo hapo kuizuia isishike mizizi ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wa bungua, wale viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi, wakaenda kutaga kwenye majani ya pembeni. Na kiangazi unaikatia mifugo.

Ila msimu wa kwanza itakukatisha tamaa. Inaota polepole, na ikiwa changa inafanana na magugu. Mimi niliita vijana wa leja-leja, yaani vibarua, wapalilie, nikaenda msibani. Kurudi, shamba limeng'aa kama uwanja wa mpira. Desmodiamu yote imelala juani. Sikuweza hata kuwalaumu, maana nilisema "ondoeni magugu" nikaondoka. Siku hizi napigilia vijiti kwenye kila mstari wake na palizi ya kwanza nasimamia mwenyewe.

Viwavijeshi vamizi vimepungua pia, ingawa havijaisha. Nakagua mara mbili kwa wiki tangu mahindi yakiwa na majani matano. Nikikuta jani lina matundu na kitu kama unga wa mbao katikati ya shina, napuliza jioni, vinapotoka kula, nikielekeza dawa humo humo ndani. Vikishanenepa unapoteza hela. Na kagua kizibo dukani: niliwahi kuuziwa chupa iliyofunguliwa, nikapuliza maji yenye rangi.

Msimu uliopita nilipata magunia nane kwenye ekari ile ile. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, lakini si lazima ununue ya shamba zima. Tambazi zake zikikatwa mwanzo wa mvua na kufukiwa vifundo viwili vitatu, zinashika. Bibi amekuja juzi na kamba yake, nimemkatia mzigo mzima. Ameanza na upande wa kisimani, kule maji yanakoingilia.