Nyasi zimefika kiunoni, ng'ombe aje?

Masika yakishapita, viwanja vya Utange, Jomvu na Mwakirunge hapa Mombasa hugeuka pori, na wasomaji huniuliza kuhusu ng'ombe kuliko kitu kingine. Haya ndiyo ya safari hii.

*Nina robo ekari Utange. Jirani ana ng'ombe wawili. Wakilishwa kwangu, si nitaepuka gharama ya kufyeka?*

Nusu yake tu. Ng'ombe huchagua: hula laini, akaziacha zilizokomaa na kutoa mbegu, ukabaki na mafungu mafungu. Fyeka mara moja, ngoja zichipue upya, ndipo uwaite. Wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo 25 hadi 30 za nyasi mbichi kwa siku, kwa hiyo wawili hawatakaa kwako muda mrefu. Malipo? Wewe nyasi, yeye mbolea, mmemalizana. Ila muwekeane siku ya mwisho kwa maandishi, maana huku kwetu ruhusa ya mdomo juu ya ardhi huota mizizi.

*Nimepanda minazi midogo uani. Wataigusa?*

Wataila, tena kwa raha. Mnazi hukua kwa kilele kimoja tu. Majani yakiliwa unadumaa. Kilele kikiliwa mti umekufa, hautoi tawi jingine. Chini ya minazi mirefu hakuna neno, Pwani tumechunga humo tangu zamani. Michanga izungushie miti na miiba mpaka majani yapite kimo cha mdomo wa ng'ombe, au umfunge kamba. Kamba ya mita 8 humpa duara la mita za mraba 200 hivi, na shingo yake ikinyooshwa huongeza kidogo, basi kigingi kikae mbali kuliko unavyodhani. Kitanzi cha shingoni kisiwe cha kukaza. Awe na maji na kivuli pia. Jua la saa saba hapa si la mchezo.

*Tumevuna mihogo, majani na maganda yamerundikwa nyuma ya nyumba. Ng'ombe akifika?*

Mama, ondoa rundo hilo leo. Mihogo, hasa michungu, ina sumu ya sianidi, na majani mabichi ndiyo yenye nyingi. Dalili ni kupumua mbiombio, kutetemeka, kisha kuanguka, na anaweza kufa muda huo huo. Sindano ya kumwokoa ipo, lakini daktari wa mifugo awahi. Ukitaka kumlisha, katakata na uanike juani mpaka yakauke kabisa. Mtama mchanga nao una sumu hiyo hiyo.

*Nyumba imejengwa juzi. Kuna la kuogopa?*

Vipande vya waya wa kufungia nondo. Ng'ombe humeza bila kutafuna sawasawa. Waya au msumari hukaa kwenye mfuko wa pili wa tumbo na unaweza kutoboa kuelekea moyoni. Pita na sumaku, au na watoto wenye macho makali. Okoteni na karatasi za plastiki: mifuko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini ya zamani ingali ardhini, na ikijazana tumboni haiyeyuki. Kifuniko cha shimo la choo nacho kizungushie uzio, hakikumwagwa zege kwa uzito wa ng'ombe.

*Hawatatuletea kupe?*

Wataleta, kama hawaogeshwi. Kupe akishashiba huanguka nyasini na kutaga mayai kwa maelfu, hapo hapo wanapocheza wanao. Yule wa kahawia wa masikioni ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe. Kabla hujafungua geti, inua sikio la ng'ombe utazame ndani. Ukiwaona wamejipanga, mwambie jirani akaogeshe kwanza.

*Na nyoka, watapungua?*

Kiasi. Nyasi fupi humnyima maficho, lakini kinachomleta ni panya, na panya wako kwenye lile rundo la makuti na matofali kando ya jiko.